Waliogopa, Wakaenda Kanisani

Alhamisi ya tarehe 17 Februari 1977, Redio Uganda ilitangaza kwamba Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, Janani Luwum, amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Ilielezwa kwamba walikuwa wakipelekwa kuhojiwa, wakajaribu kumzidi nguvu dereva, gari likapata ajali. Kampala ilisikiliza, ikanyamaza. Kwa miaka sita watu walikuwa wamezoea kusikia habari za watu “waliotoroka”, watu “waliopotea” na watu “waliopata ajali”, na kila mtu alijua namna ya kuzielewa habari hizo bila kumwuliza jirani.

Mazungumzo ya leo, msikilizaji, yanahusu Wakristo wa Uganda katika miaka ile minane ya utawala wa Idi Amin, na swali lake ni moja: mtu anaishikaje imani anapoogopa kwelikweli? Hapa haizungumzwi hofu ya mtihani wala ya kodi ya nyumba, ingawa nazo ni hofu zenye haki yake. Inazungumzwa ile ya kusikia gari likizima injini nje ya mlango wako saa saba na nusu usiku.

Mambo hayakuanza kwa hofu. Amin alipotwaa serikali tarehe 25 Januari 1971, Wakristo wengi walishangilia, na hilo husahaulika upesi. Wafungwa wa kisiasa waliachiwa. Mwili wa Kabaka Mutesa wa Pili, aliyefia uhamishoni Uingereza, ulirudishwa ukazikwa kwao. Mwaka huohuo Amin aliwaita maaskofu wa Kianglikana, waliokuwa wakigombana wao kwa wao juu ya majimbo na vyeo, akawataka wapatane. Yaani Kanisa lenyewe lilishindwa kumaliza ugomvi wake mpaka likaamuliwa na jemadari. Mtu anayetaka kusimulia habari za mashujaa wa imani bila doa afadhali atafute nchi nyingine.

Muda haukupita mrefu. Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, Mkatoliki na waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo, alikamatwa mchana kweupe katika Mahakama Kuu, akatoweka. Januari 1973 Padri Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Munno, alikutwa maiti ndani ya gari lililoteketea. Makadirio yanayotajwa zaidi ya watu waliouawa katika miaka ile ni 300,000, na kati yao walikuwamo Waislamu, Wakatoliki, Waanglikana, na watu wasiokuwa na dini yoyote. Hivyo isichukuliwe kwamba ilikuwa vita ya dini moja dhidi ya nyingine. Ilikuwa serikali ya bunduki dhidi ya yeyote aliyeshukiwa.

Tarehe 10 Februari 1973 serikali iliamua kuua watu hadharani katika miji kadhaa. Mjini Kabale, kusini-magharibi, wakazi waliamriwa wakusanyike uwanja wa michezo, wakaja watu kama 3,000. Vijana watatu waliletwa kwa lori, mikono imefungwa pingu na miguu minyororo. Askofu wa eneo hilo, Festo Kivengere, aliomba ruhusa ya kusema nao kabla ya kupigwa risasi, akakubaliwa.

Wasikilizaji wa Tanzania wenye umri mkubwa huenda wanalikumbuka jina hilo. Kivengere alifundisha shule ya Alliance, Dodoma, kuanzia miaka ya 1940 hadi karibu na uhuru, na Billy Graham alipozunguka Afrika mwaka 1960 ndiye aliyemtafsiria kwa Kiswahili. Alikuwa mtu wa maneno mengi na vichekesho, mhubiri wa kuchangamsha viwanja. Siku ile hakuwa na la kusema. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alipokuwa akivuka uwanja kuwafuata wale watatu kwa nyuma, alijiuliza utamwambia nini mtu anayekufa baada ya dakika chache huku moyo wake ukichemka kwa hasira. Hakupata jibu. Akaendelea kutembea.

Walipogeuka, nyuso zao zilikuwa shwari. Mmoja aliwahi kumshukuru kwa kuja, kabla askofu hajafungua kinywa, akaeleza kwamba alimpokea Yesu akiwa selo, akaomba mkewe apelekewe habari hiyo. Wa pili na wa tatu wakasema hivyohivyo. Askofu aliyekuja kufariji akajikuta yeye ndiye anayefarijiwa. Akaona kwamba watu wanaohitaji mahubiri pale si hao watatu, ni wale wenye bunduki. Akawageukia askari akawatafsiria, kwa lugha waliyoielewa, maneno ya watu ambao wao, askari, walikuja kuwaua. Askari wakaduwaa, wakasahau hata kuwafunika vichwa wale vijana. Vijana wakaupungia umati mikono iliyofungwa, umati ukawapungia. Kisha milio ya risasi ikafuata.

Jumapili iliyofuata Kivengere alihubiri katika kijiji cha mmoja wao. Kanisa lilijaa watu waliokaa kimya kama kwenye matanga. Aliposimulia jinsi kijana wao alivyokufa, wakaanza kuimba.

Habari hii imesimuliwa mara nyingi katika mikutano ya injili, na mara nyingi husimuliwa vibaya, kana kwamba imani huondoa woga papo hapo. Soma ushahidi wa watu wenyewe. Kivengere hakusema hakuogopa. Alisema alivuka uwanja. Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa, na kwa maoni ya mwandishi wa mazungumzo haya ndiyo tofauti inayomfaa mkulima, mwalimu au mama ntilie mwenye hofu zake leo, maana wa kumwambia “usiogope” wapo wengi, na woga haujawahi kusikiliza amri.

Basi ni kitu gani kilimvusha uwanja? Hapa inabidi kurudi nyuma miaka 40.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, huko Gahini nchini Rwanda, na kabla kidogo ya hapo katika kilima cha Namirembe, Kampala, kulianza mwamko ambao Waganda waliuita wa Balokole, yaani waliookoka. Ulisambaa hadi Kagera, Dodoma, Kenya ya kati, Burundi. Wimbo wake, Tukutendereza, bado unaimbwa makanisani na watu wasiojua neno jingine la Kiganda. Walokole walikuwa na vituko vyao: waliwakemea wachungaji wao mbele za watu, waligawanyika wenyewe kwa wenyewe juu ya nani ameamka zaidi, na kwa jirani wa kawaida walikuwa wanachosha. Lakini walikuwa na desturi moja ambayo haikutegemea padri, jengo wala fedha. Kila wiki walikutana, kumi au ishirini, nyumbani kwa mtu au chini ya mti, na kila mmoja alieleza hali yake ya kweli tangu walipoachana. Mwenye chuki alisema ana chuki na nani. Aliyeiba alisema ameiba nini, kisha akaenda kurudisha. Desturi hiyo waliiita kutembea nuruni.

Fikiria, msikilizaji, thamani ya desturi hiyo serikali inapoanza kulipa watu wawachongee jirani zao. Nchi nzima ilijifunza kunong’ona. Idara ya usalama ya Amin, iliyokuwa na makao yake Nakasero, ilikuwa na masikio baa, ofisini, chuo kikuu na hata kanisani. Katika hali hiyo, watu ambao kwa miaka mingi wamezoea kuambiana ukweli walikuwa na kitu ambacho mtawala hakuweza kukipiga marufuku kwa amri ya rais. Walikuwa na mtu wa kumwambia, “Ndugu, leo naogopa.”

Janani Luwum, kama Kivengere, alitoka katika watu hao. Alizaliwa Mucwini, wilaya ya Kitgum, katika nchi ya Waacholi. Alichunga mbuzi, akachelewa kuanza shule, akawa mwalimu. Tarehe 6 Januari 1948 aliokoka kwa mahubiri ya Mlokole mmoja na mkewe waliopita kijijini. Akawa padri, akasoma Uingereza, akasimamia chuo cha theolojia cha Buwalasi. Mwaka 1969 aliwekwa wakfu kuwa askofu katika uwanja wa Pece mjini Gulu, na miongoni mwa wageni rasmi walikuwapo Rais Obote na mkuu wa majeshi, Idi Amin. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa jimbo lililojumuisha Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire.

Kwa miaka ya mwanzo wako waliomlaumu kwamba yu karibu mno na Ikulu. Alihudhuria sherehe za serikali. Alikunywa chai na rais. Lawama hiyo isifutwe haraka, maana kiongozi wa dini anayeonekana kila mara jukwaani na watawala huwachanganya waumini, na jambo hilo halijaisha Afrika Mashariki. Lakini kulikuwa na upande wa pili. Wake na mama za watu waliopotea walikwenda nyumbani kwake wakilia, naye alikuwa akienda mwenyewe mpaka ofisi za usalama kuuliza mtu fulani yuko wapi. Wakati mwingine alimpata. Mtu aliyekata mguu Ikulu asingeweza kufanya kazi hiyo.

Mwezi Agosti 1976 alifanya jambo ambalo huenda ndilo lililomponza. Viongozi wa Kianglikana, Kikatoliki na Kiislamu walikutana kuzungumzia mauaji na uporaji wa askari, naye akachaguliwa kuongoza kikao. Amin hakupenda wazee wa dini zote tatu wakutane bila yeye kuwaita.

Tarehe 5 Februari 1977, saa saba na nusu usiku, askari waliruka ua wa nyumba yake Namirembe. Walimleta mtu aliyepigwa na kufungwa, awaonyeshe silaha zilipofichwa. Walipekua kila mahali: uvunguni mwa vitanda, vyumba vya watoto, magunia ya chakula, kikanisa cha nyumbani. Mtutu wa bunduki ulikuwa tumboni mwa askofu mkuu. Aliwaambia kwamba nyumba ile ni ya maombi, na kwamba humo rais huombewa. Hawakupata kitu.

Maaskofu wakakutana. Hapa ndipo ile desturi ya kusema hali ilivyo ilipozaa matunda hadharani. Hawakuandika waraka wa kichungaji wenye maneno ya mafumbo ambayo kila mtu angeyatafsiri apendavyo. Walimwandikia Amin barua ya tarehe 10 Februari, wakaitia sahihi, wakisema kwamba ikiwa bunduki imeelekezwa tumboni mwa askofu mkuu basi kila Mkristo wa chini ana sababu ya kuhofu. Kwamba watu wanauawa bila hukumu. Kwamba maafisa wa usalama wamekuwa na nguvu kupita serikali. Kisha wakafanya kosa ambalo kwa mwanasiasa ni upumbavu na kwa Mlokole ni kawaida: wakapeleka nakala kwa mawaziri na kwa viongozi wa dini nyingine. Barua ya siri Amin angeweza kuikunja mfukoni. Hii haikukunjika.

Jumatano tarehe 16 Februari, maaskofu wote waliitwa Nile Mansions, hoteli ya serikali katikati ya Kampala. Nje walikuta bunduki zimepangwa juani mbele ya mamia ya askari na wanadiplomasia. Maelezo yakasomwa kwamba silaha hizo zilitumwa na Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, na kwamba askofu mkuu anahusika. Askari wakaulizwa wafanywe nini wasaliti hao. Wakapiga kelele wauawe. Luwum alitikisa kichwa kukana, hakusema zaidi. Baadaye maaskofu waliingizwa chumba cha ndani, kisha wakaambiwa waende nyumbani, isipokuwa mmoja. Luwum alimwambia Kivengere kwamba watu hao watamwua, na kwamba anauona mkono wa Bwana katika jambo lile. Kivengere na wenzake walikaa nje wakimsubiri mpaka walipofukuzwa.

Jeneza lilipelekwa Mucwini chini ya ulinzi, na amri ilikuwa azikwe mara moja. Ardhi ya Februari huko kaskazini ni ngumu. Wachimbaji walishindwa kumaliza kaburi kabla ya giza, askari wakaondoka kwenda kulala, jeneza likaachwa kanisani usiku kucha. Wanakijiji wakalifungua. Waliona matundu ya risasi. Hivyo tangazo la serikali kuhusu ajali likakanushwa na wakulima wenye majembe, katika kijiji ambacho waliotoa tangazo hilo hawakukitia maanani.

Kampala nako kaburi lilikuwa limechimbwa, kando ya kanisa kuu la Namirembe, jirani na kaburi la Askofu James Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Serikali ilikataza ibada ya kumbukumbu. Lakini Jumapili ni Jumapili, na hakuna amri iliyosema watu wasiende kanisani Jumapili. Tarehe 20 Februari walifika kwa maelfu. Kila mmoja aliyepanda kilima kile alijua kwamba wapo wanaoandika majina. Baada ya ibada walitoka nje wakalizunguka kaburi lisilo na mtu. Askofu mkuu mstaafu, Erica Sabiti, akawakumbusha yale ambayo malaika aliwaambia wanawake waliofika kaburini asubuhi ya Pasaka ya kwanza. Maneno hayo hayakuhitaji ufafanuzi, mwombolezaji yeyote aliyesimama pale mbele ya shimo tupu alielewa. Wakaimba ule wimbo unaosemekana uliimbwa na vijana waliochomwa moto mwaka 1885 wakati wa Kabaka Mwanga.

Kumbukumbu ya vijana hao ilisaidia. Mtoto wa Uganda, Mkatoliki au Mwanglikana, hukua akijua habari za Namugongo, mahali walipoteketezwa mashahidi wengi tarehe 3 Juni 1886. Wanaojulikana kwa majina ni 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Wengi wao walikuwa wahudumu wa jumba la Kabaka, vijana tu, na vitabu vya kwanza walivyosomea dini vilikuwa vya Kiswahili, kabla Injili haijapatikana kwa Kiganda. Kanisa lililokuwa likijiandaa kutimiza miaka 100 mwezi Juni 1977 halikuhitaji kufundishwa kwamba jambo hili limewahi kutokea. Kwa Wakristo wa nchi nyingine mateso huja kama kitu kigeni. Waganda walikuwa na mahali pa kuyaweka.

Hata hivyo Kivengere alikimbia.

Inafaa sentensi hiyo isimame peke yake, kwa sababu wako wahubiri wanaoiruka. Alipofika Kabale, marafiki walimwambia kwamba anatafutwa, na kwamba askofu mmoja aliyekufa anatosha kwa wiki moja. Yeye na mkewe Mera waliendesha gari mpaka barabara ilipoisha, wakapanda milima usiku kwa miguu, wakaingia Rwanda. Je, huko ni kupungukiwa imani? Yesu mwenyewe, katika Injili ya Mathayo, aliwaagiza wanafunzi wakiudhiwa mji mmoja wakimbilie mwingine. Luwum alibaki akafa, Kivengere akaondoka akaishi, na walikuwa ndugu wa kundi moja waliosali pamoja. Anayetaka kumpima mmoja kwa mwingine hajawahi kuamua jambo hilo usiku akiwa na familia.

Uhamishoni ndiko alikokutana na adui asiyemtarajia. Mhubiri huyu wa upendo aligundua kwamba anamchukia Amin, na kwamba chuki inamkausha. Anahubiri, lakini hana kitu ndani. Ijumaa Kuu ya mwaka 1977 alikuwa London, ameketi katika ibada ya kanisa la All Souls, likisomwa ombi la Yesu msalabani kwa ajili ya waliomsulubisha. Alisema alisikia kama anaulizwa: je, kama Amin angekuwa miongoni mwa wale askari? Hapohapo akaona kwamba hana ruhusa ya kumwondoa Amin katika ombi lile. Mwaka huohuo akatoa kijitabu kwa Kiingereza ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin, na wakimbizi wengi wa Uganda wakakasirika. Walikuwa na haki ya kukasirika. Mjane anayesikia jina kama hilo hadaiwi makofi. Mwandishi wa habari alimwuliza angefanya nini akikutana na Amin yeye akiwa na bunduki mkononi. Akajibu kwamba angemkabidhi Amin bunduki hiyo, maana ndiyo silaha yake, na si silaha ya mtumishi wa Kristo.

Kuna shahidi wa mwisho, na ushahidi wake unasumbua kuliko wote. Kefa Sempangi alikuwa mwalimu wa sanaa Makerere na mchungaji wa kanisa changa mjini Kampala. Siku ya Pasaka mwaka 1973, baada ya kuhubiria maelfu, alirudi chumba cha mchungaji kubadili nguo, akawakuta watu watano wenye bunduki waliokuja kumwua. Kiongozi wao akamwuliza kama ana neno la mwisho. Sempangi alitetemeka hata hakuweza kusema. Kisha akasikia sauti, kama ya mtu mwingine, ikisema kwamba uhai wake umekwisha kufichwa katika Kristo, na walio hatarini ni wao, na kwamba atawaombea. Yule kiongozi akaomba waombewe palepale. Wakainamisha vichwa. Sempangi aliwaombea akiamini kwamba ni mtego na risasi inakuja. Haikuja.

Alinusurika, akakimbilia Ulaya na kisha Marekani, akaingia chuo cha theolojia Philadelphia. Huko, alisimulia, katika muhula wa pili aligundua kwamba kuna kitu kimempotea. Uganda yeye na mkewe Penina walisoma Biblia kama watu wanaotafuta pumzi. Philadelphia alisoma ili apate habari za kujazia karatasi za mtihani. Hakuna aliyemtishia. Chakula kilikuwapo. Na kusali kukawa kugumu kuliko kulivyokuwa mbele ya mtutu.

Wasikilizaji walioko Dar es Salaam, Nairobi, Muscat au Minneapolis watajua anachozungumzia. Ni rahisi kuwasikitikia watu wa mwaka 1977, na hali ndiyo ilikuwa ya kusikitisha. Lakini wale walikuwa na ndugu kumi waliojua kila udhaifu wao. Mkristo wa leo anaweza kuhudhuria ibada ya watu 2,000, akatoa sadaka kwa simu, akaondoka, na asiwepo hata mmoja anayejua kwamba amepimwa akakutwa na saratani, au kwamba amepunguzwa kazini tangu mwezi uliopita na kila asubuhi anavaa tai na kwenda kukaa bustanini ili mkewe asijue. Mtu huyo hajapelekwa Nile Mansions, lakini hofu yake ni ya kweli, na ameachwa nayo peke yake.

Huko Uganda kwenyewe, mwezi Septemba 1977 Amin alipiga marufuku makundi 27 ya dini. Makanisa yaliyoachwa halali yakawa Katoliki, Anglikana na Orthodox. Wapentekoste hawakuwa tena na majengo, wakarudi kukutana majumbani, wachache wachache, sauti chini. Makundi hayo hayakufa. Mengine yalitoka katika miaka hiyo yakiwa na watu wengi kuliko yalivyoingia.

Mwaka uliofuata Amin alivamia Kagera, na Tanzania ikajibu. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Siku nne baadaye ikawa Pasaka. Amin aliishia Saudi Arabia, akafia Jeddah mwaka 2003 bila kusimamishwa mbele ya mahakama yoyote, jambo ambalo kwa familia nyingi bado ni kidonda. Kivengere alirudi Kabale mwaka huo wa 1979, akafanya kazi mpaka alipofariki mwaka 1988. Sanamu ya Luwum iko juu ya mlango wa Westminster Abbey, London, pamoja na mashahidi wengine tisa wa karne ya 20, na tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa nchini Uganda.

Sikukuu ni jambo jema, na mahujaji wanaokwenda Mucwini wanastahili barabara nzuri. Lakini wewe unayesikiliza, katika jumuiya yako yupo mtu ambaye hajaonekana kwa mwezi mmoja au miwili, na watu wameanza kusema amerudi nyuma. Nenda kwake kabla ya Jumapili. Chukua sukari au unga, usichukue hotuba. Mwulize hali yake, kisha umweleze na yako ilivyo kweli.